Miche ya viazi imegawanyika nusu kwa nusu

Baka jani, ugonjwa unaounguza majani ya viazi, limepita kitaluni kwa watoto wa Arka, aina ya kiazi niliyoichavusha kwa chavua ya kiazi sugu ili warithi usugu wake. Karibu nusu ya miche imeungua, nusu imesimama kijani kabisa. Nimefurahi mno!

Msimu uliopita maua ya Arka yalipukutika kabla ya kushika tunda, maana ukungu wa milima ya Uporoto ulilowesha kila nilichochavusha. Safari hii nimeyafunika kwa kipande cha chandarua na kungoja jua lipande. Na brashi sishiki tena. Chavua ya kiazi hutokea kwenye vitundu vya ncha ya stameni, na brashi huimeza yote. Gusisha mswaki wa betri nyuma ya ua, chavua inadondoka kwenye ukucha wa dole gumba, unachovya stigma, ncha ya sehemu ya kike ya ua, humo, basi.

Sasa linalonikosesha usingizi. Kiazi chetu kina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 48, seti nne za 12, yaani nakala nne za kila jeni. Baba sugu akiwa na nakala moja ya jeni ya ukinzani, nusu ya watoto huipata. Angekuwa nazo mbili, wangesimama watano katika kila sita. Kwa hiyo wangu anayo moja. Ila nimechimba waliosimama: huyu macho yamezama, yule viazi vyote saizi ya gololi. Sifa za Arka zimepotea! Hata nikiwachavusha tena na Arka mara ngapi hazitarudi, kwa sababu Arka yenyewe ni mchanganyiko na watoto wake hawafanani naye.

Ndiyo maana naheshimu kazi ya viazi vya GMO vya Uganda. Waliipachika Victoria, aina ya kiazi ya huko, jeni tatu za viazi pori, RB, Rpi-blb2 na Rpi-vnt1.1, nayo ikabaki Victoria. Tatu, kwa kuwa moja pekee vimelea huizoea. Hata hivyo upachikaji si mteremko: jeni hutua popote, huweza kuharibu jeni jirani au kunyamazishwa na mmea, na miche mingi hutupwa kabla ya kupata mmoja wa kuaminika.

Nilipanga kuwachavusha tena na Arka mwezi ujao. Nimeahirisha. Nimeazima hadubini na sasa nahesabu kloroplasti, chembe za kijani, katika seli linzi za stomata, vitundu vya hewa vya jani, kwani viazi vya kromosomu 24 huwa nazo chache. Huko nakala ni mbili tu, na jeni Sli ya Solanum chacoense, kiazi pori, huwezesha ua kujichavusha, hivyo ukoo unasafishika kama wa mahindi hadi watoto wafanane na mzazi. Mwenye kiazi cha namna hiyo Njombe au Iringa, hata kama kinazaa kidogo, ninakifuata mwenyewe.