Nilivyochagua pa kuhamia ndani ya Texas: wodi kwanza, mji baadaye

Muuguzi mwenye leseni ya Texas akitaka kuhama Dallas aende Houston, El Paso au kule chini Bonde la Rio Grande, leseni haimsumbui. Ni ile ile. Unaijulisha Bodi ya Uuguzi ya Texas anwani yako mpya ndani ya siku 10 kupitia akaunti yako ya mtandaoni, unabadilisha anwani ya leseni ya udereva ndani ya siku 30, basi. Kwa kuwa hakuna makaratasi ya kuhangaikia, wengi huchagua mji kwa kufuata ndugu, kanisa, au dola tatu nne zaidi kwa saa. Mimi nilianzia upande wa pili: nilichagua wodi, kisha hospitali, kisha umbali wa kuendesha gari. Mji ulikuja mwisho.

Sababu yake ni hii. Texas haina sheria inayoweka idadi ya juu ya wagonjwa kwa kila nesi kama ilivyo California. Kilichopo ni sheria ya mwaka 2009 inayoitaka kila hospitali iwe na kamati ya kupanga idadi ya wauguzi, na angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe manesi wanaohudumia wagonjwa moja kwa moja. Kamati hiyo inaweza kuwa na nguvu au ikawa ya kwenye karatasi tu. Matokeo yake ni kwamba hospitali mbili zilizo mtaa mmoja, zenye mshahara karibu sawa, zinaweza kutofautiana kabisa: huku wodi ya kawaida ya wagonjwa wa ndani unapewa wanne au watano, kule sita, na usiku saba. Jina la mji halikuambii hilo. Hata jina la hospitali halikuambii, maana wodi za ghorofa ya tatu na ya tano zinaweza kuwa na mameneja wawili wenye tabia mbili.

Kwa hiyo kwenye usaili, maswali yangu yalikuwa ya wodi. Meneja ukimuuliza "uwiano wenu ukoje?" atakupa jibu zuri la kwenye mpango. Uliza hivi badala yake: Jumamosi iliyopita usiku, kila nesi alikuwa na wagonjwa wangapi? Kiongozi wa zamu naye alibeba wagonjwa? Walikuwepo wasaidizi wa wauguzi wangapi, na mmoja asipokuja nani anaziba pengo? Wodi ikipungukiwa wagonjwa, mnanipeleka wapi, na hiyo zamu ya kwenda kuazimwa inazunguka kwa zamu au inamwangukia mgeni? Mkiniambia nirudi nyumbani kwa kukosa kazi, saa hizo zinakatwa kwenye likizo yangu? Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linalomaliza siku za mapumziko za mtu kabla hata hajasafiri kwenda nyumbani Desemba.

Omba pia kukaa wodini kwa muda wa saa nne kabla ya kusaini. Hospitali nyingi hukubali. Usiende saa nne asubuhi wakati kila kitu kimetulia. Omba ufike saa 12:45 asubuhi, wakati wa kupokezana zamu. Tazama ubao wa mgawo: namba za vyumba mbele ya kila jina, na kama kuna majina yenye alama ya wakala au ya wodi nyingine. Majina ya kuazima yakiwa nusu ya ubao, wodi hiyo haina watu wake. Angalia kama ripoti inatolewa kando ya kitanda au kwa haraka koridoni. Mpango wa idadi ya wauguzi wa zamu hiyo unapaswa kupatikana pale pale wodini. Muulize nesi yeyote akuonyeshe. Asipojua uko wapi, umeshapata jibu. Ukipata nafasi ya faragha, muulize jambo moja zaidi: nani amewahi kutumia Safe Harbor hapa, na ilikuwaje? Hii ni kinga ya sheria ya Texas inayomruhusu nesi, kabla ya kupokea mgawo anaoamini kwa dhati si salama, au pale mgawo unapobadilika katikati ya zamu, kuandika ombi la kupitiwa na jopo la wenzake ili leseni yake na ajira yake vilindwe. Wodi ambayo watu hulitaja jina hilo la Safe Harbor kwa kunong'ona, mimi naiacha.

Pesa ndizo huwachanganya wengi, kwa hiyo tuhesabu. Tuseme ofa ya kwanza ni dola 38 kwa saa katika mji wa kati, ya pili dola 42 katika jiji kubwa. Saa 36 kwa wiki, wiki 52: ya kwanza ni dola 71,136, ya pili 78,624. Tofauti ni 7,488. Kama uko kwenye kiwango cha 22 kwa mia cha kodi ya mapato ya serikali kuu, ukiongeza makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya wazee) ya 7.65 kwa mia, kinachobaki mkononi ni kama 5,268. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ila inazichukua pesa zake kwenye nyumba. Ushuru wa nyumba ya dola 300,000 ukiwa asilimia 1.8 ni 5,400. Ukiwa asilimia 2.8 kule jiji kubwa, ni 8,400. Hapo zimeondoka 3,000. Barabara ya kulipia ikikugharimu dola 5 kwenda na 5 kurudi, siku tatu kwa wiki, wiki 50, ni 1,500. Umebaki na dola 768 kwa mwaka, na hujalipia maegesho, ambayo hospitali nyingi za katikati ya miji huyakata kwenye mshahara. Kwa dola hizo utaendesha saa nzima asubuhi na saa nzima jioni baada ya kusimama saa 12.

Hiyo asilimia 2.8 si ya kutisha watu. Nje ya Houston, kwenye mitaa mipya inayouzwa kwa bei nafuu, kuna ushuru wa ziada wa wilaya ya maji, ule wanaouita MUD, unaolipia mabomba na mifereji iliyojengwa kwa mkopo. Mwenye nyumba hulipa deni hilo kwa miaka mingi. Kabla ya kuipenda nyumba, ingia kwenye tovuti ya wakadiriaji wa kaunti, andika anwani, usome mistari yote ya ushuru: kaunti, shule, mji, chuo, hospitali, na MUD.

Bonasi ya kusaini nayo ina mambo yake. Dola 10,000 hukatwa 22 kwa mia na 7.65 kwa mia, zikakufikia kama 7,035. Mkataba huwa wa miaka miwili. Soma kama ukiondoka mapema unarudisha kwa uwiano wa miezi iliyobaki au zote, na kama unarudisha kiasi kabla ya makato au ulichopokea. Mikataba mingine hudai zote 10,000, yaani unalipa pesa ambazo hukuwahi kuzishika. Na mimi huiona bonasi kubwa sana kwenye wodi ya kawaida kuwa dalili: wanalipia kitu kinachowakimbiza watu.

Mwenye mkopo wa masomo ana hesabu nyingine kabisa. Hospitali ya serikali, ya kaunti au isiyo ya faida huhesabika kwenye msamaha wa mikopo ya shirikisho baada ya malipo 120. Ya kibiashara haihesabiki, hata ikilipa zaidi. Parkland ya Dallas, JPS ya Fort Worth, Harris Health ya Houston na University Health ya San Antonio ni za umma. Ukiajiriwa na taasisi za Chuo Kikuu cha Texas, kama MD Anderson au UTMB ya Galveston, unaingia kwenye pensheni ya walimu ya jimbo, na haki yake unaipata baada ya miaka mitano. Halafu kuna mpango wa Nurse Corps wa serikali kuu: unalipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi katika eneo lenye upungufu, na asilimia 25 zaidi kwa mwaka wa tatu. Ni wa kushindania, na maeneo yenye upungufu mkubwa ndiyo hutangulizwa. Hapo vimji vya magharibi na vya mpakani ghafla vinakuwa na mvuto.

Lakini ujue unakwenda kufanya nini huko. Hospitali ndogo ya kijijini ya daraja la Critical Access ina vitanda visivyozidi 25. Usiku manesi wawili watatu wanabeba dharura, wodi, na mama aliyeingia na uchungu. Kwa mwenye miaka mitano ya wagonjwa mahututi (ICU) au dharura, ni kazi nzuri na ya heshima. Kwa aliyemaliza shule juzi, ni kumtupa mtu mtoni kabla hajajua kuogelea. Huyo mpeleke Houston, Dallas au San Antonio akapate mwaka wa mafunzo ya wahitimu wapya.

Sasa mikoa yenyewe, kwa ufupi. Houston ina Texas Medical Center, mtaa mzima wa hospitali kubwa, na kama unataka saratani, upandikizaji au moyo wa watoto, hakuna haja ya kubishana. Dallas na Fort Worth zina waajiri wengi na Wakenya wengi. Ukichoka na mmoja unahama bila kuhama nyumba, faida ambayo haionekani kwenye ofa. San Antonio, El Paso na Bonde la Rio Grande zinataka Kihispania, si kwa sheria bali kwa kila saa ya zamu yako. Midland na Odessa hufuata bei ya mafuta: visima vikichangamka kodi ya nyumba inapaa, mshahara wa nesi unabaki pale pale. Abilene na Fort Worth zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili chako kitatafutwa; ila usimtafsirie mgonjwa ridhaa ya upasuaji mpaka hospitali ikupime na kukuidhinisha. Kabla ya hapo tumia mkalimani wa simu, hata kama mama yule anakuita mwanangu.

Ukielekea pwani, kuanzia Beaumont hadi Brownsville, swali la kwanza ni kimbunga. Msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30. Hospitali huwa na kikosi kinachoingia kabla ya dhoruba na kulala humo mpaka ipite. Uliza: mtu mpya anawekwa kikosi gani? Saa za kulala zinalipwa? Mwenye watoto wadogo anafanyaje? Sheria ya Texas inakataza kumlazimisha nesi wa hospitali saa za ziada, lakini inatoa ruhusa wakati wa maafa, kwa hiyo usiitegemee hapo. Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey, hospitali kubwa ya Beaumont ililazimika kuhamisha wagonjwa kwa sababu maji ya mji yalikatika.

Nyumba pia. Magharibi mwa Houston, nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker, maelfu ya nyumba ambazo ramani haikuzihesabu kuwa hatarini zilijaa maji mwaka ule ule, kwa sababu zilijengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa, maji hurudi nyuma na kulifunika. Kusoma "Zone X", yaani nje ya eneo la hatari kubwa, kwenye ramani ya FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, hakutoshi. Uliza kama nyumba imewahi kuingia maji, muuzaji anatakiwa kisheria kukuandikia. Bima ya kawaida hailipi mafuriko, na ile ya serikali ina siku 30 za kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi. Ukiinunua kimbunga kikiwa tayari kimo baharini, umechelewa.

Kwa upande wangu, baada ya wodi, mtandao wa hospitali, yaani kundi la hospitali za mwajiri mmoja, ndio ulioamua. Kuhama ndani ya mtandao mmoja kunabeba miaka yako ya kazi, likizo uliyolimbikiza na bima ya afya bila pengo, na mara nyingi hata mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unabaki ule ule. Kinachohitajika kwa kawaida ni kuwa umekaa miezi sita hadi mwaka kwenye nafasi yako na huna onyo. Angalia ramani: Baylor Scott & White wako kuanzia Dallas hadi Waco, Temple, College Station na pembezoni mwa Austin; CHRISTUS wako Tyler, Beaumont, Corpus Christi na San Antonio; HCA wako karibu kila jiji kubwa. Texas Health wao ni Dallas na Fort Worth, Memorial Hermann ni Houston. Nikaangukia Temple: kituo cha majeruhi cha daraja la kwanza ndani ya mji mdogo, nyumba iko dakika chache kutoka wodini, na Austin ni kama saa moja kwa barabara kuu ya I-35.

Kabla ya kukubali, pima safari kwenye simu kwa kuweka "fika saa 12:30 asubuhi, Jumanne", si Jumapili alasiri. Kama una mtoto, piga simu kituo cha kulelea watoto na uulize wanafungua saa ngapi. Wengi hufungua saa 12:30, na ripoti inaanza 12:45. Dakika hizo 15 zimewarudisha manesi wengi zamu ya usiku bila kupenda. Ukifika, panga nyumba kwanza, hata miezi sita. Ukinunua, jaza fomu ya msamaha wa ushuru wa nyumba unayoishi kwa mkadiriaji wa kaunti, isipite Aprili 30. Ni bure, ukipata barua ya kampuni inayotaka ada ili ikujazie, itupe.