Jeneza Halimo

Kaka yangu alikuwa akihadithia picha kwa senti tano, zile zenye samaki. Ukikosa senti tano alipokea kashata, gololi, hata embe bichi mradi uje na chumvi yako. Mimi mdogo wake nilisikiliza bure, ila nilikuwa na kazi: kugonga vifuu viwili vya nazi kila farasi wanapokimbia.

Hiyo ni Tanga, Ngamiani, mwaka 1970, nina miaka 11 na yeye 16. Sinema mjini zilikuwepo. Hela ya kuingilia ndiyo haikuwepo. Kwa hiyo mtaa mzima ulitegemea macho ya mtoto mmoja. Aliyeona picha Jumamosi, Jumapili anaihadithia chini ya mwembe, na anayehadithia vibaya anaachwa na mwembe wake. Kaka hakuwahi kuachwa. Mdomoni alikuwa na risasi za aina tatu: ya bastola, ya bunduki, na ile inayopiga jiwe ikaruka ikilia.

Katika zote alizohadithia, moja ndiyo iliyonikaa. Jina lake la Kizungu hatukulijua, tuliiita Picha ya Mti. Stelingi ni kijana wa miaka ishirini na tano, mabega mapana. Amemkamata mhalifu, anampeleka mjini akanyongwe. Kaka yake huyo mhalifu, ndiye adui mwenyewe, anawafuata nyuma na genge lake. Njiani wanaongezeka makauboi wawili ambao hujui ni wema au wabaya, na mwanamke mwenye nywele za dhahabu, mchumba wa stelingi, aliyekuwa ametekwa. Safari inaishia kwenye mti mkavu uliosimama peke yake uwanjani. Adui anakuja na watu arobaini. Stelingi anatabasamu, anakwenda nyuma ya mti, anavuta jeneza. Anafungua. Ndani mna bombomu! Hapo mimi nilitupa vifuu, maana farasi walikuwa hawana tena wa kuwapanda, na tukaanguka wote mchangani, kila mtu na kifo chake. Kuna mtoto mmoja jirani alikuwa anakufa taratibu mno mpaka tukamkataza.

Mwaka 1974 niliingia sinema kwa hela yangu kumwona Django, kauboi wa picha ya Kitaliano, na yule Franco Nero na jeneza lake alilolikokota kwenye tope tangu mwanzo. Alipolifungua akatoa bombomu, ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Mimi nilikaa kitini nimenuna. Nikamwambia wa pembeni yangu, "Hii wameiba. Ya kwanza ni Picha ya Mti, kaka yangu kaiona." Miaka mingi baadaye niliendelea kuamini hivyo. Watoto wangu wamekua wakisikia kwamba Wataliano ni wezi wa picha.

Desemba 2021 nilipanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga kumtazama Kaka. Alikuwa na miaka 67, mstaafu wa bandari, na shemeji alikuwa ametutoka miaka mitatu nyuma. Anaishi na binti yake katika nyumba ileile, ila mwembe haupo, pamejengwa duka la simu. Mfukoni nilikuwa na flashi. Mwanangu, kwa kuchoka na hadithi zangu, alikuwa ameisaka hiyo picha kwa maelezo niliyompa: kauboi, mfungwa, mti mkavu. Ikapatikana. Inaitwa Ride Lonesome, ya mwaka 1959, mwongozaji Budd Boetticher, mtu aliyewahi kujifunza kupigana na mafahali huko Mexico kabla ya kuingia kwenye sinema. Inachukua dakika 73 tu. Nilikuwa sijaitazama. Nilitaka tuitazame pamoja.

"Baba mdogo, hii ni ya rangi au ya kale?" aliuliza binti, akichomeka flashi kwenye televisheni. Nikamwambia ni ya rangi na ni ya kale. Akaleta chai ya tangawizi na vikombe vitatu, akakaa chini na simu yake.

Dakika ya kwanza ikanivunja. Anatokea stelingi kati ya mawe, na ni mzee. Uso umekauka kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani, midomo imebana, mgongo umenyooka kwa namna ya mtu ambaye akiuinamisha hana hakika utarudi. Stelingi huyo, Randolph Scott, alizaliwa Januari 1898. Hapo ana miaka kama 60.

"Kaka, kijana wako huyu?"

"Alikuwa kijana," Kaka akasema bila kugeuka. "Wakati ule alikuwa kijana."

Tukaendelea. Nilikuja kusoma baadaye kwamba picha za namna hii zilikuwa za bei rahisi kwa Marekani, zinapigwa kwa siku chache, na Scott na Boetticher walifanya kadhaa kati ya 1956 na 1960. Na unaona kabisa pesa haipo. Hakuna mji. Hakuna baa yenye piano. Ni watu watano na farasi wao, na mawe ya mviringo ya Lone Pine, California, yaliyorundikana kama mihogo sokoni, nyuma yake milima yenye theluji. Mawe yaleyale yametumika katika mamia ya picha. Lakini ukikosa pesa ya kuonyesha mji, unabaki na nyuso, na huyu mzee alikuwa na uso. Anaongea kidogo. Akiulizwa jambo anatazama mbali kwanza. Makauboi wawili ndio waongeaji, mmoja wao James Coburn, kijana mwembamba mwenye meno mengi, hiyo ikiwa picha yake ya kwanza kabisa. Stelingi akishuka kwenye farasi, Kaka alikuwa akitikisa kichwa. "Goti hilo," alisema. "Tazama anavyotanguliza mguu mzima." Yeye mwenyewe mguu wa kushoto alikuwa ameuweka juu ya kigoda.

Adui alipotokea tukapiga kelele wote wawili. "Huyu si yule mwenye macho ya chui?" Ndiye, Lee Van Cleef. Miaka hiyo alikuwa mbaya wa kukodi, anaingia, anauawa, anachukua ujira wake. Mpaka mwongozaji Mtaliano, Sergio Leone, alipomchukua mwaka 1965 akamweka sambamba na Clint Eastwood, akawa stelingi akiwa na miaka 40. Sisi tulimjua kwa picha hizo za Kitaliano, na mjini petu kuna vijana waliojifunza kukunja jicho kwa ajili yake. Sasa tukamwona kabla hajawa mtu.

Nilikuwa namtafsiria Kaka maneno. Mwaka 1970 Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea ruhusa kwenda msalani, sinema aliisoma kwa mikono na nyuso. Ikafika mahali adui anang'amua kwa nini mzee anasafiri polepole, hadharani, kama anayetaka kukutwa. Anakumbuka kwamba zamani alimnyonga mke wa huyu mzee, kwenye ule mti. Na anasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo, kwamba ni zamani sana, alikuwa karibu ameshasahau.

"Simamisha," Kaka alisema.

Binti akasimamisha. Uso wa Lee Van Cleef ukaganda ukutani.

"Amesemaje?"

Nikarudia.

"Amesahau?"

"Karibu amesahau."

Akanyamaza. Akanywa chai, akarudisha kikombe kwenye kisahani akikitafuta kwa vidole bila kukitazama. "Basi hakuwa mchumba," alisema, "yule wa nywele. Mimi niliwaambia mchumba." Kisha akaonyesha kwa kidevu: endelea.

Mti ukafika. Ni uleule, mkavu, matawi kama mikono ya mtu aliyesimamishwa na polisi. Nikasogea mbele ya kiti. Miaka hamsini na moja nasubiri jeneza. Adui akaja, na genge lake lilikuwa la watu wachache wa kuhesabika, na nao wakazuiliwa kwa mbali. Akabaki yeye na mzee. Akapiga mbio na farasi wake kumwelekea, mzee akampiga risasi, akaanguka. Kwisha. Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Yule mfungwa, mzee akamwachia kauboi mwenye maneno mengi, wakaondoka naye pamoja na mwanamke, na hakuna busu wala kushikana mkono kwa maana. Halafu mzee akauchoma mti. Akasimama akiutazama unavyowaka, kamera ikapanda na moshi, na maandishi ya mwisho yakaingia.

"Jeneza halimo," nikasema.

Kaka akawa anajikuna kidevu.

"Kaka, jeneza halimo."

"Nimeona."

"Na watu arobaini?"

Akacheka, kicheko cha puani, kisha akamwambia binti amsogezee mto mgongoni, na hapo ndipo nikajua tunaambiwa jambo. Siku ile ya 1970, alisema, picha ilikuwa inaonyeshwa sinema mbili kwa nakala moja. Rili ikiisha huku, kijana anaifunga kwenye karia ya baiskeli anakanyaga mpaka kule. Rili ya mwisho haikufika. Taa zikawaka, watu wakapiga miluzi, wakadai pesa zao, ikasemwa baiskeli imepata pancha. Wakangoja. Baba yetu alikuwa akifunga mlango baada ya Isha na hafungui kwa mtu, kwa hiyo Kaka akatoka mbio huku picha imekatikia palepale, mzee amesimama karibu na mti, anangoja.

"Na kesho yake mmeshanilipa," alisema. "Ningewaambia nini? Baiskeli imepata pancha?"

Jeneza alilitoa kwa Django, ambaye alikuwa amemwona kwa shangazi Dar likizo ya mwaka 1969. Aliona picha mbili nusunusu akazishona. Wataliano nimewasingizia miaka yote hiyo.

Kesho yake asubuhi tulitazama nyingine ya Scott, ya mwisho, ya 1962, amefuatana na Joel McCrea, wazee wawili wakisindikiza dhahabu. McCrea anajifungia chooni avae miwani asome mkataba, waajiri wasimwone. Kaka aliipenda sehemu hiyo kuliko risasi zote, aliirudisha mara tatu. Baada ya picha hiyo Scott aliacha kazi moja kwa moja, tajiri tayari, akaishi kimya miaka 25, akafariki 1987 akiwa na miaka 89. Nilipomwambia Kaka, akasema ndivyo stelingi anavyostaafu, hangoji kusukumwa.

Lakini nimeruka. Usiku ule, televisheni imezimwa, binti aliweka simu chini kwa mara ya kwanza. "Baba, sasa ya kwako ilikuwaje?"

"Senti tano."

Nikatoa sarafu ya shilingi mia mbili. Akaigeuza geuza kwenye taa, akasema chenji hana, akaitia mfukoni. Akashusha mguu kutoka kwenye kigoda. Hakusimama, zamani alikuwa anahadithia kwa kusimama, lakini mikono ilikuwa ileile. Mzee akashuka kwenye farasi, akasema, na alisema mzee, siyo kijana. Akatanguliza mguu mzima. Akautazama mti. Adui yuko mbali, vumbi lake linaonekana. Mzee akapiga magoti, akaanza kufukua chini ya mti kwa mikono, mpaka kucha zikagusa ubao. Jeneza. Akapangusa mchanga. Akafungua.

Kaka akanyamaza. Binti akamtazama. Kaka akanigeukia mimi, ameudhika kabisa.

"Farasi wanakuja, wewe umekaa tu. Vifuu viko wapi?"

Nikamwaga chai iliyobaki, nikachukua vikombe viwili, nikaanza kugonga.