Babu aliyekufa kijana

Jumamosi, usiku. Miguu inawaka moto.

Leo nimepanda tena Old Moshi, bodaboda kutoka Kiborloni, hadi kwa bibi, dada yake babu. Daftari mkononi, swali moja tu: aliyemzaa baba yao ni nani? Nyumbani jibu linajulikana. Ni yule mzee wa ng'ombe wengi na wake watatu, ambaye ukoo mzima unajivunia. Lakini mwezi uliopita nilipekua kitabu cha zamani cha ubatizo, mwandiko wa Kijerumani umejikunja kama mizizi, nikakuta baba wa mtoto kaandikwa kwamba alishafariki. Mzee wa ng'ombe alikuwa hai hata Waingereza walipoiteka Moshi mwaka 1916. Sasa aliyefariki ni nani?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa, umenye ndizi."

Tukamenya za mtori. Nilipomaliza kueleza akacheka.

"Babu yako si ndiye kifungua mimba? Jina lake alilitoa wapi?"

Nilijiona mjinga. Kwetu Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na jina la babu silo la mzee wa ng'ombe. Ni la kaka yake, aliyekufa akiacha mke na mtoto mmoja. Mdogo mtu alimrithi mjane, akamlea mtoto, na taratibu akahesabiwa kuwa ndiye baba. (Jina lenyewe bibi amenikataza kulitaja mtandaoni. Sawa.)

Bibi hahesabu kwa miaka. Aliambiwa kwamba marehemu alikuwa ameshaoa sotoka ilipomaliza ng'ombe, na kwamba Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliponyongwa na Wajerumani yeye alishazikwa. Sotoka ilipita huku mwanzoni mwa miaka ya 1890. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Kwa hiyo maisha yake yaliishia humo katikati. Damu ikanichemka, maana humo ndimo vilimo vita vyenyewe: Juni 1892 watu wa Moshi waliwapiga Wajerumani na afisa wao von Bülow akafa, kisha Agosti 1893 kamanda wao von Schele akaja na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Nikauliza kama alikufa vitani. Nakiri, nilitamani iwe hivyo. Tayari nilishamchorea mkuki na ngao.

"Vita gani? Tumbo," bibi akasema. "Liliuma siku tatu."

Akanipeleka nyuma, migombani. Zamani, mifupa ya kichwa ilifukuliwa baada ya muda ikawekwa chini ya masale, mimea mitakatifu ya Wachagga, humo humo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Masale yapo, machache, majani yamechanika kwa mvua ya mawe. Kwenye shina moja mjukuu alikuwa amemfunga mbuzi, na kamba imekwangua gome.

Bibi hakusema kitu. Aliinama kwa taabu, akamfungua mbuzi, akanipa kamba nikamfunge kwenye mparachichi.