Ninavyosoma hukumu kwenye laptop ya kugusa kioo

Uwakili ni kusoma kuliko kuongea. Hukumu za Mahakama ya Rufani nazishusha TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, na nyingi ni PDF za karatasi ya A4. Zile za zamani zaidi baadhi ni picha tu za karatasi zilizoskaniwa, na hizo ndizo zilizokuwa zikinitoa jasho. Kioo cha laptop kimelala kwa upana, kwa hiyo unaona nusu ukurasa. Ukikuza, maandishi ya picha hayajipangi upya. Unasukuma kushoto, kulia, chini, mpaka hoja ya jaji inakuponyoka.

Nilipobadilisha laptop nilichukua ThinkPad X1 Yoga iliyotumika, Kariakoo, na nilichokuwa nakitaka ni kibodi yake. Kioo cha kugusa kilikuja humo humo. Mwanzoni sikukijali. Laptop ikiwa imefunguliwa kama kawaida, mkono unaning'inia hewani na kuchoka upesi, ilhali padi ya kusogezea mshale ipo hapo hapo chini ya vidole. Steve Jobs wa Apple alilisema hilo mwaka 2010: kioo cha kugusa hakitaki kusimama wima. Kwa laptop iliyokaa hivyo, sina ubishi naye.

Bawaba ndiyo iliyonipa raha. Kioo kinazunguka digrii 360, kibodi inakwenda nyuma na kujizima yenyewe. Kisha naisimamisha mashine kwa ubavu mezani, imeachama kidogo kama kitabu, nikihakikisha matundu ya feni hayajazibwa. Ukurasa unageuka wima. Kioo cha inchi 14 cha umbo la 16 kwa 9, kikisimama hivyo, kina upana wa sentimita 17.4, A4 ina 21. Basi ukurasa mzima unaonekana kwa takriban asilimia 83 ya ukubwa wake, na herufi za saizi 12 nazisoma bila kukuza. Kiwiko kimetua mezani, kidole kiko pembeni mwa kioo, na ukurasa unafuata ukurasa. Nikikuta muhuri uliofifia au tarehe ya kuandikwa kwa mkono, natanua kwa vidole viwili, nasoma, narudisha.

Ilibidi pia niambie programu ioneshe ukurasa mmoja mmoja badala ya kuteremka mfululizo, na nifunge mzunguko wa kioo kwenye Windows, la sivyo ukiinamisha laptop vibaya tu kila kitu kinalala ubavu.

Kunukuu ni habari nyingine. Kukamata sentensi moja kwa kidole ili niiweke kwenye hoja za maandishi ni adhabu. Huchukua neno la ziada au huacha la mwisho. Hapo nageuza laptop na kurudi kwenye mausi. Halafu kioo chenyewe kinang'aa: mchana, dirisha likiwa nyuma yangu, najiona mimi kuliko hukumu. Na kwa joto la Dar, alama za vidole hazikwepeki, kitambaa cha miwani hakikai mbali. Kitandani hata usijaribu, maana kilo moja na zaidi juu ya kifua si usomaji tena.

Mwenzangu ofisini juzi aliniuliza kama aongeze hela achukue laptop yenye kioo cha kugusa lakini isiyokunjika. Nikamwambia hiyo hela aiweke kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta.