Jinsi nilivyozuia hema lising'olewe na upepo ufukweni
Hema langu jepesi la safari za baiskeli, ambalo halisimami bila kuvutwa kamba, lilikuwa likianguka kila upepo wa kusi ulipokaza katika ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Pangani. Vigingi virefu vilichomoka vilevile, na mawe sikuyapata. Kilichofaa ni mifuko ya kuwekea nguo, ambayo hubebwa safarini kwa vyovyote vile: niliijaza mchanga, nikafunga kamba katikati ya kila mfuko, nikaulaza kwa kukingama na mvuto wa kamba katika shimo la sentimita 30 hivi, kisha nikafukia na kushindilia kwa mguu. Kamba ikifungwa mdomoni, mfuko huinuka kwa ncha na kutoka polepole. Ikifungwa katikati, mchanga huukandamiza kwa urefu wake wote. Mchanga mkavu ni bora umwagiwe maji kwanza.