Watoto Mmewaacha na Nani?

Karani wa tiketi aliandika majina yetu matatu, akaturudishia vitambulisho, kisha akanyoosha shingo kuchungulia nyuma yetu.

"Na watoto?"

"Hakuna watoto," Dada akasema. "Ni sisi tu."

Akatutazama tena. Mwanamke wa miaka 39, mwingine wa 35, na kijana wa 31 mwenye ndevu zake, kila mmoja na begi lake, na termosi moja ya chai. Foleni yote nyuma yetu ilikuwa ya familia: baba kabeba godoro, mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wakubwa wamekabidhiwa ndoo na mabegi ya shule yaliyojazwa nguo. Wiki moja kabla ya Krismasi, bandari ya Mwanza Kaskazini ndivyo ilivyo. Wachaga wamejitwalia sifa ya kurudi nyumbani Desemba, na nchi nzima imewaachia. Asemaye hivyo hajawaona Wahaya wakigombea gati.

Sisi ni Wahaya kwa baba, Wasukuma kwa mama, na kati yetu watatu tuna watoto watano. Wote watano walikuwa Nyakato kwa bibi yao, wamenuna. Wangu wa miaka saba aligoma hata kuniaga. "Meli ni ya watoto," aliniambia. "Nyie wakubwa mnaenda kufanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, maana alikuwa anasema kweli.

Aliyeamua ni Mama. Tulipomweleza kwamba mwaka huu tunataka kwenda Kamachumu kwa meli, wote pamoja na wajukuu, aliendelea kukunja vitenge vyake bila kuinua macho. "Nyie mmeshakua, siwezi kuwafunga kamba. Ila wajukuu zangu hawakanyagi meli. Mimi na wao tutapita barabarani." Kupita barabarani wakati ule kulikuwa na maana ya kuamka usiku, kusubiri kivuko cha Busisi, halafu Geita, Biharamulo na Muleba, siku nzima kwenye kiti. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa. Lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Mama aliona bora basi na kivuko. Kivuko, kwa hesabu zake, si meli. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ng'ambo inaonekana.

Kamachumu yupo Baba. Alipostaafu alirudi kwenye migomba yake, Mama akabaki Mwanza na duka lake, na wanatembeleana kama wachumba. Safari hii aliiahidi yeye. Mwaka 1995 alituketisha wote, mdogo wetu Kitinda akiwa bado ananyonya kidole, akasema: Krismasi ya mwaka kesho tunakwenda kwa meli, daraja la pili, mtalala vitandani juu ya maji. Nilikuwa na miaka minane. Mimi na Dada tulianza kugombania kitanda cha juu siku hiyo hiyo.

Mwaka kesho ulipofika, tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, MV Bukoba ikitokea Bukoba na Kemondo ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi kila mtu atakupa hesabu yake. Wengi walizikwa Igoma. Sisi tulikaa kando ya barabara ya Musoma, na kwenda Igoma ni lazima upite kwetu. Mama alifunga madirisha ya mbele, lakini malori husikika hata dirisha likifungwa. Jirani wa pili alikuwa amempeleka mkewe Bukoba kumzika mama yake. Hakurudi hata mmoja.

Tangu hapo neno meli likatoka nyumbani kwetu. Baba hakuitaja tena ahadi yake, na sisi hatukumkumbusha. Tulikua, tukaenda Bukoba kwa basi mara ishirini, tukaolewa, tukaoa. Wazo lilirudi kwa Kitinda, ambaye kati yetu ndiye hakumbuki chochote. Alikuta kwenye simu picha za meli ikiondoka jioni, akatutumia na ujumbe mmoja: "Deni la Mzee."

Meli yenyewe ni ile MV Victoria ya zamani. Ilijengwa Skotilandi, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu kuungwa, na imekuwa ziwani tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Ililala muda mrefu, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi kazini 2020 ikiwa na jina refu zaidi. Kwa hiyo ni bibi kizee aliyevaa nguo mpya, na nasema hivyo kwa heshima. Tulipopanda, Dada alikwenda moja kwa moja kuhesabu maboya. Hakutuambia alichohesabu. Alirudi, akakaa, akamimina chai.

Sikujua kwamba mtu mzima asiye na mtoto, ndani ya meli iliyojaa watoto, ni mali ya umma. Hatujatoka hata gatini Dada alikuwa ameshapakatishwa kichanga. "Nishikie mara moja, dada yangu, nikamtafute baba yake." Mara moja hiyo ilichukua karibu saa nzima. Mimi nilikabidhiwa mapacha wawili niwapeleke msalani, kisha wa tatu ambaye hakuwa ndugu yao ila naye alibanwa. Kila aliyetukabidhi alianza na swali lile lile la karani, ila yeye alilimalizia: "Watoto mmewaacha na nani?"

Mwanzoni tulijibu kwa urefu, na Mama, na mwaka 1996. Baadaye tukasema tu, "Na bibi yao," na watu wakaridhika. Bibi mmoja wa Kihaya, aliyekaa mkabala nasi na kikapu cha mikate ya Mwanza, hakuridhika.

"Na bibi yao, na nyie mnatembea?"

"Ndiyo, Bibi."

"Waitu!" Akatufikiria kidogo. "Mnakwenda msibani?"

"Hapana, Bibi. Tunatembea tu."

Akamgeukia mwenzake, wakasema Kihaya cha haraka ambacho sisi wa Nyakato tunakisikia nusu nusu. Niliyoipata ni "watu wazima" na "vichwa." Lakini alitugawia mkate.

Tuna binamu yetu Marekani, yeye na mkewe hawana watoto, na likizo zao hupanda meli za Disney, zile za Mickey Mouse. Niliwahi kumcheka. Akanieleza kwamba mle ndani kuna bwawa la kuogelea la watu wazima peke yao, mtoto haruhusiwi kutia mguu, na mkahawa ambao chini ya miaka 18 huingii. Kwa hiyo wao wanakwenda kwenye meli ya watoto na kulipia mahali pa kuwakimbia watoto. Usiku ule nilimkumbuka, nikatafuta pa kukimbilia. Daraja la pili limejaa watoto. Kantini imejaa watoto na harufu ya chipsi. Ngazini watoto. Ila tulikuwa na ziwa zima la kutazama, na hilo halina tiketi ya ziada.

Honi ilipolia mara ya mwisho tulipanda sitahani. Mtu akitaka kuujua uzuri wa Mwanza, auangalie usiku kutoka majini. Mchana zile nyumba zilizopandana juu ya mawe utazionea huruma na kujiuliza maji wanapandishaje. Usiku milima yote inawaka, taa juu ya taa hadi kileleni, mawe yamefichwa na giza, na umaskini pamoja nayo. Kirumba ikapita, Bwiru ikapita. Dada alishika ule mkono wa chuma cha ukingo na hakuuachia. Tulijua alikuwa anawaza nini. Hakusema, nasi hatukusema. Kitinda akatia mkono begani kwake, kisha akaona hiyo haitoshi, akaenda kucheza kombolela.

Sitanii. Kulikuwa na watoto kama kumi na watano sitahani, wanahesabu na kujificha, na wakapungukiwa mtu. Akajitolea. Jamaa wa benki, suruali ya kitambaa, akajibanza nyuma ya magodoro ya mwenyewe. Mtafutaji, binti wa miaka minane hivi, alimpita mara tatu. Aliyemfichua ni mwenye magodoro. "Wewe baba mzima! Watoto wako wako wapi?" Kitinda akatoka mbio kukomboa, na kelele zilizopigwa zilimleta baharia kuangalia kuna nini. Akakuta kundi lote limesimama wima, mikono nyuma, na Kitinda kati yao kasimama vile vile. Baharia akamwambia yeye peke yake: msikimbie karibu na ukingo. Akaitikia, "Sawa, baba."

Dada alicheka hadi akaachia chuma.

Simu ya Mama iliingia mara nne kabla mtandao haujakatika. Ya kwanza: mmekaa wapi. Ya pili: msikae wote upande mmoja. Ya tatu alitaka kujua kama mawimbi yapo, nikamwambia ziwa limetulia kama uji uliopoa. Ya nne hakusema kitu, alitusikiliza tu. Nyuma yake nilimsikia binti yangu akiuliza kama ameshakufa mtu. Kisha alama za mtandao zikashuka moja moja hadi zikaisha.

Nadhani ilikuwa saa sita au saba za usiku. Wengi walilala, watoto wametupwa juu ya wazazi wao kama nguo zilizofuliwa. Mmoja alikataa. Mvulana wa miaka kama sita alinifuata ukingoni na kuninyooshea kidole mbele, kwenye taa nyingi zilizotapakaa chini ya nyota.

"Ule mji unaitwaje?"

"Si mji. Ni wavuvi wa dagaa."

Hakuamini. Nikamweleza kama Baba alivyotueleza zamani tukiwa nchi kavu: dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mvuvi huwasha taa juu ya maji, akangoja wakusanyike, akawazungushia wavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa sababu dagaa hawajui tena waufuate mwanga upi. Usiku ule mwezi haukuwepo, na wavuvi walikuwepo wote.

"Wanalala saa ngapi?"

"Mchana."

"Na watoto wao wako na nani?"

Hata yeye!

Nilipoteremka, Dada alikuwa kitanda cha juu. Miaka 27 imepita na alifika wa kwanza. Nikamwambia ashuke, tulikubaliana mwaka 1995 kwamba ni changu. Akasema hakumbuki makubaliano hayo. Tulibishana kwa kunong'ona mpaka yule bibi wa Kihaya akaturushia Kihaya kingine, safari hii kifupi, nikalala chini.

Niliamshwa na simu ikitetemeka chini ya mto, ujumbe juu ya ujumbe. Mtandao umerudi, na Mama na simu zake kumi na saba. Nje kulikuwa kunapambazuka na harufu ya ziwa ilikuwa imechanganyika na ya majani mabichi. Upande wa Bukoba mvua haisubiri msimu kama ilivyo kwetu. Hata alfajiri inanuka migomba. Kemondo ilikuwa mbele yetu, gati na mabohari yake, na pikipiki zimejipanga zikisubiri. Wanaoendelea Bukoba mjini walibaki wamelala. Sisi tukashuka, Dada akiwa na kichanga kile kile cha jana, mama yake akifuata na mizigo kwa raha zake.

Baba alisimama pembeni ya pikapu ya jirani, kanzu nyeupe na koti la suti juu, fimbo mkononi. Mkono mwingine alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba: senene, ndio kwanza msimu wao. Tukampa shikamoo mmoja mmoja. Marahaba, marahaba, marahaba. Hakutukumbatia, si desturi yake. Alitutazama kuanzia miguuni kupanda juu, kama mtu anayepokea mzigo na kukagua kama umevunjika.

Kisha akatazama nyuma yetu.

"Watoto wako wapi?"

"Wanakuja Jumamosi kwa basi," nikasema. "Na Mama."

Akacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Simu yangu ikalia tena. Akanyoosha mkono nimpe, akaipokea yeye, akaiweka mbali kidogo na sikio kama wazee wanavyofanya.

"Mama Koku," akasema. "Watoto wamefika."

Tulimsikia Mama hata bila spika.

"Wote?"

Baba akatuhesabu kwa fimbo. "Wote watatu."

"Na kurudi je?"

Akatuangalia. Tiketi za kurudi zilikuwa kwenye begi la Dada, daraja la pili, Jumatatu usiku. Dada akamtikisia kichwa asiseme.

"Nitawapandisha basi," Baba akasema, akakata simu, akafungua kifurushi cha senene.