Jinsi nilivyoifanya chaja itulie kwenye tundu la laita

Kazi yangu ni kubeba wageni kwa Noah, na safari zangu nyingi hapa Zanzibar ni za kutoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi, Kendwa na Matemwe. Bila simu sina kazi. Oda zinaingia WhatsApp, hoteli wananitumia ramani ya mahali walipo, na ndege ikichelewa mgeni ananipigia mimi. Kwa hiyo chaja inayochomoka-chomoka kwenye tundu la laita si jambo dogo kwangu. Unatoka Kiembesamaki simu ina asilimia 30, roho imetulia kwamba inachaji, ukifika Kinyasini imebaki 20.

Na tabu ni kwamba kuchomoka kwenyewe mara nyingi hakuonekani. Ukiitazama chaja iko palepale, hata kitaa chake kinawaka, kumbe imerudi nyuma milimita moja au mbili. Gari likipanda tuta karibu na skuli, umeme unakatika na kurudi. Kioo cha simu kinawaka, kinazima, kinawaka tena, na kule kuwaka njia nzima nako kunakula chaji.

Lile tundu asili yake ni la kiberiti cha sigara. Laita ukiibonyeza inashika moto, halafu inaruka yenyewe. Ndani, pale katikati ya kitako ndipo penye chanya, na ukuta wa pembeni ndio hasi. Chaja nayo ina ncha mbele yenye springi, na pembeni ina masikio mawili ya bati. Hapa ndipo penye siri yote: springi ya ncha kazi yake ni kusukuma, na inachokisukuma ni chaja yenyewe, itoke nje. Kinachoizuia ni yale masikio tu. Masikio yakilegea, au ukuta ukiota uchafu, springi inashinda. Ndiyo maana kuikandamiza chaja kwa nguvu hakusaidii kitu. Unaibana springi zaidi, nayo inakusubiri tuta la mbele ikurudishie.

Madereva wengi dawa wanayoijua ni kuzungushia karatasi ya fedha, ile ya pakiti ya sigara au ya kufungia chakula. Nilimuuliza fundi umeme mmoja wa Mwanakwerekwe, mtu mzima ambaye nimemzoea, akatikisa kichwa. "Mwanangu, bati usilitie mle. Likikatika kipande kikaangukia kitakoni, chanya na hasi zimeshikana." Zikishikana, fyuzi inaungua, na hapo ndipo baadhi ya watu wanapotia kipande cha waya badala ya fyuzi. Gari linaloendeshwa hivyo linaweza kuungua nyaya zote za dashibodi. Kwenye gari langu fyuzi ya laita imeandikwa CIG, ni ya ampia 15, ile ya buluu. Ikiungua inanunuliwa nyingine ya buluu, basi.

Jambo jingine alilonieleza fundi huyo sikuwa nimelifikiria kabisa. Chaja ya kawaida ya simu, ya volti 5 na ampia 2, inatumia wati 10. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni kama ampia moja tu. Sasa mguso ukiwa mlegevu, joto linajikusanya palepale bati linapogusa kidogo, lakini umeme unaopita bado ni ule ule mdogo. Fyuzi ya ampia 15 haioni tatizo lolote. Plastiki inaweza kuanza kulainika na fyuzi iko nzima. Tangu siku hiyo nimejizoeza kuigusa chaja kwa mkono. Uvuguvugu ni wa kawaida; ikiwa ya moto mpaka unaondoa kidole, naichomoa.

Nilianza na tundu. Nilizima gari, nikachomoa fyuzi ya CIG kabla ya kutia chochote mle, kisha nikamulika tochi. Ukuta uliokuwa unang'aa umeingia weusi, na karibu na mdomo kuna ukungu wa kijani, ile kutu ya hewa ya bahari. Chini kulikuwa na mchanga mweupe wa pwani, kwa sababu wageni wanapanda gari moja kwa moja kutoka ufukweni na mchanga miguuni na mikononi. Nikautoa mchanga kwa brashi kavu ya meno. Halafu nikazungushia msasa laini kwenye kijiti cha mti na kusugua ukuta taratibu mpaka bati likarudi rangi yake, na kitako nacho kidogo. Nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikaacha mlango wazi pakauke vizuri, ndipo nikarudisha fyuzi. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi ili kuzuia kutu. Mimi sikubaliani nao, maana mafuta yanashika vumbi, na vumbi ndilo tunalolikimbia.

Baada ya tundu, masikio. Niliyanyanyua kwa ncha ya bisibisi ndogo, kidogo tu kila upande. Dalili ya kuwa yamekaa sawa ni kwamba chaja inaingia kwa kusukumwa, na ukiizungusha inakataa kataa. Chaja yangu ya zamani sikio moja lilikuwa bati jepesi mno, likakatika mkononi. Nikaenda Darajani kutafuta nyingine, na siku hizi sinunui kwa kutazama boksi. Namwomba muuzaji aifungue, nabonyeza ncha kwa kidole gumba, nabonyeza masikio. Yakirudi kwa nguvu, nzuri. Yakibaki yamelala, namrudishia kwa heshima zake. Nataka pia iwe fupi, inayozama karibu yote ndani ya tundu. Zile ndefu zenye shingo ya kupinda na matundu matatu juu yake nazikwepa, kwa sababu uzito wote uko nje na kila shimo linazitingisha.

Hata hiyo mpya ilikuwa na mchezo kidogo kwenye mdomo wa tundu. Nilikata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungusha mara moja kwenye shingo ya chaja, nyuma ya masikio ili usiyafunike, nikaubandika kwa solusheni ya kuzibia pancha. Tepu ya umeme inafanya kazi hiyo hiyo siku za mwanzo, ila gari likilala juani Nungwi mchana kutwa, gundi ya tepu inayeyuka na kuacha utelezi. Mpira unavumilia.

Kilichobaki ni waya. Waya ukining'inia, au mgeni wa mbele akiuvuta kupiga picha, unaitoa chaja polepole hata kama masikio ni mazima. Wangu unatoka kwenye tundu, unafanya kitanzi kidogo cha kulegea, halafu unabanwa na klipu iliyobandikwa kwenye dashibodi kabla ya kupanda kwenye simu. Mtu akiuvuta, anavuta klipu. Kwa jinsi ninavyoona mimi, hilo peke yake limesaidia sawa na mengine yote, na ni la bei ndogo kuliko yote.

Sasa hata nikiacha lami na kuingia zile njia za mawe za ndani Nungwi, simu inachaji bila kukatika. Inakata wakati mmoja tu, ninapopiga stata, na hiyo ni kawaida: gari linapowashwa, umeme wa tundu unazimwa kidogo ili betri ishughulike na injini. Kifuniko cha tundu nakiweka kila ninapochomoa chaja. Kwa wageni wa nyuma, wanaotaka kuchaji simu na kamera zote kwa pamoja, fundi amenifungia tundu la USB lenye waya wake na fyuzi yake, ili pale mbele pasiguswe na mtu.